Ya Kulia, Ya Vita

Mwaka jana kijana mmoja aliingia katika chumba kidogo ninachofanyia kazi ya kuchapa, hapa Butembo, akiwa na picha za filamu aliyoipiga na wenzake upande wa Beni. Mimi ndiye ninayewatengenezea watu afishi, yale mabango ya kutangaza: za harusi, za kanisa, za msiba, na siku hizi za filamu za vijana wetu. Akaziweka picha zake mezani. Nyingi zilikuwa za askari na nyumba zinazowaka moto. Moja tu ilikuwa ya msichana aliyesimama mlangoni akitabasamu.

Akaniambia, "Mama, weka huyu binti peke yake. Basoda tubafiche. Jina uliandike na rangi ya mapendo. Bamama bakiona bunduki, habatakuya."

Nilimjibu kwamba kazi hiyo sitaifanya. Alinitazama kwa mshangao, maana sina tabia ya kukataa wateja, kisha akakusanya picha zake akaenda kwa mchapaji wa mtaa wa pili. Nikabaki mbele ya kompyuta, uso ukiniwaka kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Niliona haya kwa jambo ambalo kijana yule hakulijua, na ambalo mpaka siku hiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Sasa nakueleza wewe, rafiki yangu, na usiniharakishe, kwa sababu sehemu yake ya kwanza ni tamu, na ningependa nikae humo kidogo.

Nililelewa na dada mkubwa wa mama yangu, ambaye nilimwita mama mukubwa. Alikuwa na nyumba ya video. Ilikuwa ya mbao na mabati, nyufa zimezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na ndani kulikuwa na mabenchi kumi na moja na televisheni moja iliyofunikwa kitenge kama mtoto anayelala. Asubuhi ya Juma Mosi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mikaratusi na vidole vikiuma kwa baridi, kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi jekundu kwenye mabenchi, kisha kufuta diski kwa kitambaa laini, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Baadaye tulibeba spika kubwa kuipeleka barazani. Jirani mmoja alikuwa akikaanga mikate ya mafuta karibu na mlango, na harufu yake ilichanganyika na ya petroli ya jenereta. Hata leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja, nasubiri filamu ianze.

Afishi tulizibandika kwenye ubao mrefu ulioelekea barabarani. Watu wengi wa mtaa wetu hawakusoma majina ya filamu, ambayo hata hivyo yalikuwa ya lugha za mbali. Walisoma picha, na walizisoma vizuri. Kichwa kikubwa cha mwanamke chenye chozi moja shavuni, hiyo ni ya kulia. Herufi nyekundu zinazochuruzika na mzee mwenye macho meupe, hiyo ni ya wachawi. Mwanamume na mwanamke wamepeana mgongo na kukunja mikono, hiyo ni ya kucheka, na mwishoni wataoana. Mwanga unaoshuka kutoka mawinguni, hiyo ni ya Mungu, na wamama wa kanisa watakuja na vitambaa vyao vya kichwa. Helikopta na moto, hiyo ni ya vita, ingawa helikopta yenyewe unaweza kuisubiri mpaka mwisho usiione.

Kabla ya kila onyesho mama mukubwa alicheza bande-annonce, kile kipande kifupi cha kuvutia watu, sauti ikitoka kwenye spika ya barazani. Waliokuwa njiani hawakuona kitu, lakini walijua. Zumari na kicheko ni mapendo. Mlango unaolia polepole ni uchawi. Mimi nilikuwa najua filamu ni ya namna gani kabla muziki haujafika mwisho wa pumzi ya kwanza, na mama mukubwa alipenda kunionyesha kwa wageni. "Huyu mutoto," alikuwa akisema, "masikio yake inaona."

Kisha siku moja kipande cha filamu ya vita kikatoa milio ya risasi barazani. Mtaani kwetu walikuwa wamekwisha kuja watu wengi waliokimbia mauaji ya upande wa Oicha. Mama wa mikate aliacha karai juu ya moto. Watoto walitupwa mgongoni, milango ikafungwa, na barabara ikawa tupu kwa muda mfupi sana. Chefu wa mtaa alikuja jioni ile. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, kuanzia leo masasi hapana kulia inje." Mama mukubwa aliomba radhi nyumba kwa nyumba, na tangu siku hiyo spika ilicheza nyimbo tu.

Kwa kuwa sauti haikusema tena, alinipa chaki. Chini ya kila afishi niliandika kwa herufi kubwa: YA KULIA, YA KUCHEKA, YA MUNGU, YA VITA. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko ambao mwalimu aliusifu mbele ya darasa. Watu wazima walisimama mbele ya maneno yangu na kuamua waingie au wapite. Sijui kama unaelewa jambo hilo linamfanya nini mtoto.

Nyuma ya nyumba yetu alipanga mwanamke mmoja kutoka upande ule wa Oicha. Alikuja na binti yake mkubwa na sufuria mbili. Waliobaki shambani hakuwataja, nasi hatukuuliza. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Alipenda filamu za kulia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikaa benchi ya tatu, upande wa ukuta, na kulia tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akatoka uso umepoa kama mtu aliyeoga. Siku moja nilimuuliza kwa nini anapenda kuteseka hivyo. Akasema, "Mule ndani kila mutu analia. Hakuna mwenye ananiuliza ni nini."

Kabla ya kuingia aliniuliza kila mara, hata kama neno liko ubaoni. Alijua kusoma kidogo, herufi kwa herufi, lakini aliniamini mimi kuliko macho yake.

Juma Mosi moja diski ya filamu ya wamama ilikataa kucheza. Niliifuta mara tatu, picha ikawa inaganda. Iliyobaki ilikuwa filamu moja tu ambayo nilikuwa nimeiangalia katikati ya juma. Mwanzo wake ni mama na mtoto wake kijijini, wanapika, wanaimba, wanacheza na mbuzi. Baada ya nusu saa watu wenye mapanga wanaingia kijijini. Afishi yake ilimwonyesha mama amekumbatia mtoto, jua nyuma yake, na chini kabisa, wadogo kama siafu, wale watu.

Mama mukubwa alikuwa ameenda kutafuta petroli. Aliniachia maneno haya: "Andika ya vita, bamama bakirudi nyumbani barudi. Tutabaona juma ingine." Nilimsikia vizuri. Lakini niliwaona wamama wakianza kukusanyika, niliwazia mabenchi matupu, na niliwazia jinsi nitakavyosifiwa nikiyajaza peke yangu. Nikaikunja afishi chini, ile sehemu ya wenye mapanga, nikaiingiza nyuma ya ubao. Nikaandika YA KULIA.

Jirani yetu wa Oicha alifika, amevaa kitenge chake kizuri.

"Ni ya nini, mutoto wangu?"

"Ya kulia, mama. Ni mama na mutoto wake."

"Hapana vita ndani?"

Alikuwa ameinama ili uso wake uwe sawa na wangu. Nikamwambia, "Hapana, mama."

Akasema, "Wasingya," ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinande, akaingia, akakaa benchi ya tatu.

Nilisimama mlangoni. Nusu saa ile ya kwanza wamama walicheka na mbuzi. Nilijua dakika inayokuja, na nilikuwa na nafasi ya kutembea hatua sita na kumgusa bega. Sikuzitembea. Watu wale walipotokea kwenye skrini, yeye hakupiga kelele kama wengine. Alisimama kimya, akawashika watoto wawili waliokuwa karibu, mmoja kila kwapa, watoto wa watu wengine, akaruka mabenchi. Ndipo akasema kwa sauti kubwa, "Mukimbie, muache vitu, mukimbie." Alinipita mlangoni bila kuniona. Alivuka barabara, pikipiki zikamkwepa, akaingia katika mtaro wa maji na kuwalalia wale watoto.

Wote walimkimbilia. Mimi sikumkimbilia. Rafiki yangu, hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito. Mimi nilikimbilia ubao. Niliikunjua afishi, wale wenye mapanga wakaonekana. Nikalifuta neno langu kwa mkono wa sweta, nikaandika YA VITA, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Walipomtoa mtaroni, mtoto mmoja alikuwa amechunika goti na mama yake alikuwa anafoka kwamba huyu mwanamke ni kichaa, afungwe. Vijana wachache walicheka. Jirani yetu alirudi polepole, matope mpaka kiunoni, akasimama mbele ya ubao. Niliona midomo yake ikitamka herufi moja moja. Aliangalia chini ya afishi, kisha akaniangalia mimi.

"Nilikuuliza," akasema. "Si nilikuuliza?"

Mama mukubwa alikuwa amefika na dumu la petroli, amesimama nyuma yake, ananitazama; wamama wengine walikuwa bado mtaroni wakimtuliza mtoto.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuambia ni ya vita."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali matokeo ya daktari, akaenda kwake.

Siku ya pili alikuja na samaki wa Kyavinyonge waliokaushwa, amewafunga kwenye jani, kuomba radhi kwa kuharibu sinema. Alimwomba mama mukubwa radhi, kisha mimi, kwa jina langu. Mama mukubwa aliwapika samaki wale na nyanya na vitunguu. Nilikula. Nakumbuka kwamba walikuwa watamu, na ningependa sana nisikumbuke hivyo.

Hakurudi tena kwenye benchi ya tatu. Aliacha pia kwaya ya kanisa aliyokuwa akiimba. Akiambiwa jambo, alikuwa anauliza watu watatu kabla ya kuamini amesikia. Binti yake alipoolewa Beni, yeye pia alihamia huko, na chumba kile kikapangwa na muuza makaa. Kisha ukaja ule ugonjwa wa kuambukizana kwa kugusana, ulioanzia upande wa Mangina, watu wakaogopa kukaa bega kwa bega, na ulipokwisha kila mtu alikuwa na simu yake. Mama mukubwa aliuza mabenchi kwa kanisa. Nyumba ya video ikawa stoo ya saruji. Sasa watu huniambia kwamba simu ndiyo iliyoua yale maisha yetu ya Juma Mosi, wote kuingia mahali pamoja, kucheka na kulia pamoja, na mimi huitikia. Kwa wengi ni kweli. Lakini yule mwanamke wa Oicha alikwisha kuyapoteza miaka kadhaa kabla ya simu.

Siku chache baada ya yule kijana kutoka kwangu, nilikwenda Beni kumtafuta. Haikuwa kazi kumpata, wanakwaya wenzake wa zamani walijua. Anauza maharagwe na samaki sokoni, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinitambua kabla sijasalimia. "Mutoto wa video," akasema, akacheka kwa kuziba mdomo.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa sitasema. Nilimwambia yote, afishi niliyoikunja, neno nililolifuta, na jibu langu mbele ya mama mukubwa. Aliendelea kupanga samaki, mmoja baada ya mwingine, mpaka nilipomaliza.

"Donc, kumbe uliniambia ya kulia."

"Ndiyo, mama."

"Donc haikuwa kichwa yangu."

"Hapana, mama. Kichwa chako kilikuwa kizima. Ni mimi."

Alifuta mikono kwa kitenge chake. Kisha akaanza kusema, bila hasira, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Alisema tangu siku ile alijua kwamba akili yake inasikia visivyosemwa na kuona visivyoandikwa. Binti yake alimwomba miaka mingi akae naye, alee wajukuu. Alikataa, akapanga chumba chake peke yake hapo hapo Beni. Aliogopa kwamba siku moja atawabeba na kukimbia nao barabarani, bila sababu, na gari litawapata.

"Nilibakataa," akasema. "Bamekuwa bakubwa sasa. Bananisalimia tu kama mugeni."

Nikasema nisamehe, mama. Ni neno nililokuwa nimelibeba tangu Butembo, na lilipotoka lilikuwa dogo kabisa. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani, ameinama kidogo, ingawa sasa tulikuwa tunalingana urefu.

"Kama ungesema ukweli ile siku," akaniuliza, "mama yako mukubwa angekupiga?"

Nilifikiri. Nilitamani jibu liwe lingine.

"Hapana, mama. Hakuwa anapiga. Angenigombeza."

"Angekugombeza tu?"

"Angenigombeza tu."

Akaitikia kwa kichwa. Mteja alikuwa amefika, anauliza bei ya maharagwe, naye akageuka kumhudumia. Nilisubiri pembeni mpaka mteja akaondoka, na mwingine, na mwingine, kisha nikamsaidia kufunika samaki kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.