Leo wakwe wamekula na moto sikuwasha

Kabla sijafa nakiri: sijawahi kupenda kusonga ugali.

Nimeusonga tangu enzi ya Mwingereza. Leo, kwa joto hili la Tabora na miguu hii inayotetemeka, nimegoma.

Wakwe watarajiwa wa mjukuu wangu walileta posa kutoka Puge. Nikawatengea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na mtindi na embe.

Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, watarudi na posa yao!"

Baba mkwe akachungulia jikoni. "Mama, ugali uko njiani?"

"Hauji, baba."

Mkewe akaninyooshea bakuli. "Niongezee, mama. Kesho na mimi sisongi."

Mzee akameza embe bila kutafuna. Posa wameiacha hapa kwangu.

Nani mwingine kachoka? Semeni hapa hapa, waume zenu wasome.