Injini Mpya ya Jirani

Itangazwe kwa wakazi wote wa kitongoji hiki cha Ohio, wema kwa waovu: jirani wa Darlene amelifufua gari lake. Ni lile la milango miwili na pua ndefu, la enzi petroli ikinywewa kama maji, na amelitia injini yenye nguvu maradufu ya ile ya kiwandani. Darlene amemchungulia juu ya uzio tangu majani yaanze kupukutika. Anaijua mikono yake minene, myeusi kwa grisi, isiyotetemeka hata anapochomelea bati karibu na tangi la mafuta. Anajua anavyofuta spana pajani na anavyoibembeleza injini kama mtoto aliyegomea uji.

Leo amemkalisha kiti cha mbele. "Funga mkanda, bibie, usije ukaniachia meno kwenye dashibodi." Walitoka gereji kwa ngurumo iliyowapandisha mbwa wa mtaa mzima wazimu, wakaanza kuteremka kilima cha kanisa. Kule chini basi la shule lilikuwa limesimama, taa nyekundu zikiwaka, watoto wakishuka. Jirani akakanyaga breki. Gari likazidi kushuka. Akaangusha gia, akakanyaga kwa miguu yote miwili, nalo likaunguruma, likanuka moshi, likasimama hatua chache tu nyuma ya basi. Ile mikono ilikuwa inatetemeka juu ya usukani.

"Mungu wangu!" Darlene akasema. "Si uliniambia umebadilisha kila kitu? Breki je?"

"Breki ni mwezi ujao."