Pikipiki ya Mzee Ambilikile Pale Kasumulu

Siku ile tulikuwepo watano katika ofisi ya wakala wa forodha, mpakani Kasumulu: Meneja wangu, Mkaguzi wa forodha, Mzee Ambilikile wa Busale, aliyekatwa miguu yote miwili, Tumpe, mjane wa mwanawe, aliyengoja nje ya mlango, na mimi, niliyekaribia kustaafu.

Kazi niliianza kwa kufagia ofisi hiyohiyo. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano nilee wadogo zangu. Baadaye nikawekwa kuwasaidia wateja wenye ulemavu kujaza maombi ya msamaha wa ushuru.

Mzee alikuwa fundi redio, akibebwa mgongoni hadi sokoni. Ndugu zake wa ng'ambo ya mpaka walimnunulia pikipiki ya matairi matatu, breki na gia zote za mkono. Chombo cha namna hiyo husamehewa ushuru, ila Mkaguzi alitaka mtunzaji, yaani Tumpe, athibitishe mbele ya mgonjwa kwamba ndiye anayemtunza.

Tumpe alipoitwa, alijifunika kanga akarudi nyuma ya ukuta. Kwetu Unyakyusani mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe. Alimpikia na kumfulia miaka yote, chakula kikipelekwa na wajukuu.

"Mtunzaji gani anamkimbia mgonjwa wake?" Mkaguzi aliuliza.

"Mwanangu, ukimwingiza humu," Mzee alisema, "kesho ataishi kwangu kwa sura gani?"

Niliomba Tumpe aulizwe kulekule nje. Meneja, kijana wa kuja, alinikatiza: "Mama, forodha haina wakwe."

Mkaguzi akaandika kwamba mtunzaji anatiliwa shaka. Ombi likarudishwa kuchunguzwa upya. Msamaha ulipotoka, Mzee alikuwa ameshazikwa, na msamaha huo ni wa mtu mwenyewe, haurithiwi. Pikipiki ilibaki uani pa forodha inanyeshewa.

Mlio kazini sasa, kabla hamjamwita mtunzaji, ulizeni kama hao wawili wanaruhusiwa kuonana. Mimi nilijua, nikasema, na haikusaidia. Hilo bado linaniuma.

Gharama ya kuisafirisha pikipiki hadi mpakani Tumpe aliikopa kwenye kikundi cha akina mama wa mpunga. Nilipostaafu nilimpelekea sehemu ya kiinua mgongo changu.

"Ndaga, dada," alishukuru, akanirudishia. "Deni hili ni la baba. Acha nimlipie."

Msimu huu mafuriko yamechukua mpunga wake. Hajalipa hata nusu.