Parfê ya Mama na Mashine Iliyogoma Kuwaka

Mafuta ya waridi yakipata moto juu ya plastiki hutoa harufu ambayo sijaikuta tena popote, na wala siitafuti. Mwanzoni ni tamu mno, kisha inakwaruza koo, halafu inakaa kwenye nguo hata ukizifua. Kwangu mimi ndiyo harufu ya mwaka ule wa vita tulipofungiwa ndani ya nyumba yetu mtaa wa Asiatique, Bujumbura, mimi nikiwa na miaka tisa na kaka yangu Nasri kumi na minne. Nyumba yenyewe aliijenga babu yetu aliyetoka Oman, akaipa dari la juu na madirisha madogo yenye vyuma ili joto lisiingie, na kweli alifaulu, maana hata hewa haikuingia. Mbele palikuwa na duka la vitambaa la Baba, katikati vyumba vitatu, nyuma ua mdogo wenye ukuta uliochomekwa vipande vya chupa. Siku za vilimorte, yaani mji mfu, vijana walipoziba barabara kwa mawe na matairi na kuamuru mtu yeyote asitembee, Baba alifunga mlango wa mbele kwa nondo, Mama akafunga wa nyuma kwa kufuli, na sisi tukabaki katikati kama nguo za msimu uliopita sandukuni. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawachukia kuku wa jirani, kwa sababu wao waliruka ukuta na hakuna aliyewagombeza.

Nasri naye aliruka ukuta. Alikuwa na gunia lake la mchele, akilitandika juu ya zile chupa, anapanda, anateremka upande wa pili, na huyoo, mpaka mtaa wa Buyenzi kucheza mpira na wenzake. Mama akigundua alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jikoni na tasbihi yake, hali chakula, mpaka mtoto arudi. Siku moja guruneti ililipuka karibu na soko, na Nasri akarudi na kandambili moja tu, uso umepauka kwa vumbi. Hakutaka kusema ameona nini. Mama hakumpiga. Alimwosha miguu yote miwili kwenye beseni kama mtoto mchanga. Usiku huohuo nilimsikia akimwambia Baba kwamba amtafutie huyu mtoto kitu cha kumkalisha ndani, chochote, hata kama ni cha shetani. Na huyu ndiye mama aliyekuwa amekataza karata nyumbani kwetu.

Basi Baba akaleta mashine. Wazungu walikuwa wanakimbia mji na kuuza kila kitu, kuanzia friji mpaka sufuria, na katika nyumba ya Mfaransa mmoja aliyekuwa akifungasha, Baba aliokota kile kisanduku cheusi cha kuchezea michezo kwenye televisheni, kikiwa na vishikio viwili na kaseti moja ya kuchomeka, ya mashindano ya magari. Hata wakati ule kilikuwa cha kizamani, na kibao cha mbele kilikuwa kimepasuka. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa baba yake Dezire, rafiki mkubwa wa Nasri, aliyesoma naye darasa moja na kukaa naye dawati moja. Dezire alikaa Kanyosha, kusini mwa mji, na tangu barabara ya kule iharibike hakuwa akifika tena shuleni. Nasri alipoiona mashine alipiga kelele: "Hii ndiyo ile ya Dezire! Alikuwa anaichezea kila muzungu akisafiri!" Nakumbuka Mama alitabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi.

Mashine haikuwaka. Kwanza haikutoa hata taa. Nasri akaifungua kwa kisu cha mkate, akakuta waya wa transfoma umekatika, akaunga kwa plasta ya kidonda, na taa nyekundu ikawaka. Tukashangilia. Kisha tukaja kwenye fishi, kile kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye televisheni. Televisheni yetu ilitoka Dubai, na nyuma yake ilikuwa na vitundu viwili tu vya mviringo, cha manjano na cheupe. Mashine ya Mfaransa ilikuwa na fishi moja pana kama kiganja, yenye meno mengi yaliyopangwa safu mbili. Ugeuze utakavyo, fishi na vitundu havikuwa vimeumbwa kuonana. Nasri akaikata ile fishi, akachuna nyaya zake zote, nyembamba kama tambi za Idi, akaanza kujaribu mmoja mmoja kwenye tundu la manjano. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kioo na kusema ninachoona. "Kitu gani?" anauliza kutoka nyuma. "Theluji." "Na sasa?" "Mistari." "Na sasa?" "Theluji tena, we Nasri, mi nimechoka." "Vumilia, mutoto we!" Siku zikapita namna hiyo, na kusema kweli hazikuwa mbaya. Risasi zilisikika, nasi tulikuwa tunatafuta waya. Mama alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Bado?" Nikimjibu "Bado," anarudi jikoni akivuta tasbihi polepole, kama mtu aliyepewa habari njema, nami nikidhani ni kwa sababu hapendi mchezo.

Hatimaye waya mmoja ukaleta kitu. Kioo kikawa kijivu tulivu, kisha vikatokea vijisanduku vinavyochezacheza, vikapotea. Nasri akasema mashine ni nzima sasa, ugonjwa umebaki kwenye kaseti, haisomeki. Akaipuliza, akaipiga gotini, akaipuliza tena. Wakati huo kulikuwa bado na mtu mmoja aliyekuwa akipita kutoka Kanyosha hadi kwetu, naye ni mama yake Dezire, aliyeleta mboga za lengalenga kwenye mlango wa nyuma kila barabara ilipotulia. Nasri akamtuma amuulize mwanawe dawa yake. Aliporudi aliweka kapu chini, akafuta jasho, akasema, "Mama Nasri, mutoto wangu anasema mupanguse meno ya kaseti na parfê. Muzungu alikuwa anafanya vile. Na anasalimia Nasri sana, anasema asimumalizie mchezo." Mama akacheka, akamwongezea mche wa sabuni kwenye kapu. Akaenda chumbani, akatoa kile kichupa chake kilichotoka Maskati, akakifungua mwenyewe.

Hapo ndipo tulipopotea, na nadhani ni nyumba kama yetu tu ingeweza kupotea hivyo. Kwetu parfê, yaani manukato, ilikuwa ya aina moja: attar, mafuta matupu ya waridi. Zile za kupuliza, zenye alkoli, Mama hakuziruhusu zivuke kizingiti, kwa sababu aliona zinaharibu udhu. Basi tukaipaka kaseti mafuta. Kwa pamba, kwa upole, vile vyuma vyake vidogo, jino baada ya jino. Tukaichomeka, ikapata moto, nyumba ikanukia kama ya bibi harusi, na kile kioo kikafa kabisa. Hata vile vijisanduku havikurudi. Nasri akasema labda hatukupaka ya kutosha. Tukaongeza. Mama akatoa kichupa cha pili, kile alichokitunza kwa ajili ya Idi, na bado.

Ndipo Nasri akasema lile neno. "Dezire anaijua. Mi nakwenda Kanyosha nimulete." Mama akajibu, "Apana. Hautoki." Wakaangaliana. Kitu alichonunuliwa ili akae ndani sasa kilikuwa kinamvuta nje, na mbali zaidi kuliko Buyenzi. Kuanzia siku hiyo Mama aliacha upishi ukaungua. Alikaa sakafuni na bisibisi, kanga kiunoni, akishika nyaya asizozijua, akimwomba Nasri amfundishe. Sikuwahi kumwona mwanamke akiitaka mashine iwake kama alivyoitaka yeye. Usiku nilimsikia akiiombea dua. Ndiyo, mashine. Nilicheka ndani ya shuka, mjinga mimi.

Asubuhi moja milio ya risasi ilianza upande wa kusini, kule Kanyosha. Si ile ya hapa na pale tuliyoizoea, hii haikupumua. Baba alikuwa dukani na redio sikioni, mlango wa mbele umefungwa. Mimi na Mama tulikuwa mbele ya televisheni. Kupitia dirishani nikamwona Nasri yuko uani, gunia begani. Mama naye akamwona. Alikimbia mpaka mlango wa jikoni, lakini Nasri alikuwa tayari juu ya ukuta, mguu mmoja upande wetu, mmoja upande wa barabara. Mama hakumfokea. Alisimama, na kwa sauti ya furaha ambayo sijui aliitoa wapi, akaita: "Nasri! Nasri mwanangu, imewaka! Njoo uone, gari linakimbia!"

Niligeuka kuangalia kioo. Kilikuwa kijivu, hakina kitu.

Nasri aliruka kurudi ndani kwa haraka hivi kwamba gunia lilihama na chupa zikamchana paja. Akaingia mbio, damu inamtiririka, anacheka, akasimama mbele ya televisheni. Nyuma yake Mama alifunga mlango wa jikoni kwa kufuli na kuutia ufunguo kifuani. Mwanamke huyu hakuwa amewahi kudanganya hata juu ya chumvi aliyomkopesha jirani. Nasri akatazama kioo, akamtazama yeye. "Umenidanganya," akasema. Akaupiga mlango ngumi, akaupiga teke, akalia kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimeisikia kwake, akiita, "Dezire yuko kule! Mama, Dezire yuko kule!" Mama alikaa chini na kuegemeza mgongo kwenye mlango ule ule, na kila teke lilimtikisa, na hakusogea.

Mchana Baba alileta chupa ya alkoli kutoka kwa jirani mwenye duka la dawa ili kusafisha lile jeraha. Alipokuwa akifunga bandeji aliiokota kaseti sakafuni, akainusa, akauliza ni nani aliyeipaka mafuta. Nikamweleza habari ya parfê. Baba alishika kichwa. "Jamani! Parfê ya muzungu ni ile ya alkoli!" Akachovya pamba kwenye ile ile chupa ya jeraha, akayasugua meno ya kaseti mpaka pamba ikawa nyeusi, akaichomeka. Gari likatokea. Halikuwa na rangi, lote jeusi na jeupe, lakini lilikimbia kwenye barabara ndefu isiyo na mawe wala matairi. Mama akajaribu mzaha, maskini: "Si nilisema imewaka?" Nasri aligeuza uso ukutani. Hakukigusa kile kishikio siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Nilicheza peke yangu, sauti nikiwa nimeizima.

Mama yake Dezire hakuja tena na lengalenga. Watu wa upande ule wengi walikimbilia milimani, wengine hawakupata nafasi ya kukimbia. Dezire hatukumwona tena, wala baba yake, wala yeyote wa nyumba ile, na kila tuliyemuuliza alitikisa kichwa.

Leo nakaa katika nyumba ile ile. Nondo ya mlango wa mbele tuliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ukuta wa uani umepakwa rangi, hauna chupa. Wanangu wana mashine inayoonyesha hata jasho usoni mwa mchezaji, na ikikwama kidogo wanaitupa kochini na kutoka mbio barabarani bila kuaga. Nawaacha. Ni uhuru ambao mimi niliuota, na kila wanapoutumia nakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka warudi. Nasri ni fundi wa viyoyozi Maskati, ndevu zake zimeingia mvi. Alipokuja mara ya mwisho, Mama alikuwa hatoki tena kitandani. Watoto walikuwa wametoka, nyumba imetulia, na Mama akamuuliza kile ambacho hakikuwahi kuulizwa kwetu: kama bado ana hasira naye.

"Pengine ningefika kwa Dezire kabla ya wenye bunduki," Nasri akasema. "Pengine ningemutoa."

"Pengine," Mama akasema. "Lakini ningekudanganya tena."

"Na mi singekusamehe tena," akasema Nasri, akavua viatu, akapanda kitandani kando yake, na akabaki pale hadi usingizi ukamchukua Mama.