Daluga za Winga

Binti yangu nilimnunulia daluga zisizomfaa, na nilifanya makusudi.

Alipojiunga na timu ya raga ya shule yao hapa Louisville, kocha aliyatazama mabega yake akampanga mstari wa mbele wa skramu, pale wasichana wanane wanapoinama na kusukumana na wanane wengine. Mabega yale ni yangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini nilipoona shingo ya mwanangu inazama kwenye lile rundo, niligeuza macho. Winga wao alisimama pembeni kabisa, mwembamba, nywele zake safi, anasubiri mpira. Nikasema moyoni, na huyu wangu atakuwa winga.

Kocha alishatueleza: wa mstari wa mbele avae kiatu kizito, kinachoshika kifundo, chenye meno manane marefu. Nikaenda peke yangu duka moja la mtaa wa Okolona, nikachukua daluga nyepesi kama ndala, rangi ya machungwa, meno mafupi. Niliamini kocha akimwona nazo atampeleka pembeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilijitetea. Binti alizigeuzageuza, akanitazama, akanishukuru kwa Kiingereza.

Kocha hakumpeleka popote. Mechi ya Columbus mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, na skramu ya kwanza tu miguu yake iliteleza, wote wakaporomoka, yeye chini kabisa. Refa akapuliza filimbi. Wakainuka mmoja mmoja, yeye wa mwisho, tope hadi masikioni, akageuza shingo kulia na kushoto. Hakuumia. Mungu alinihurumia, wala sikustahili.

Kazi yangu ni kuwainua wazee kutoka kitandani. Mguu wangu ukiteleza, tunaanguka wawili. Ndiyo maana viatu vyangu vya kazi nilivichagua kwa saa nzima, nikivijaribu kama bibi harusi. Vya mwanangu nilivichagua kwa woga.

Kabla ya safari ya mechi ya Buffalo tulirudi dukani pamoja. Alipofunga kamba za vile vizito, nikasimama mbele yake.

"Nisukume, mama," nikamwambia.

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Akaniwekea bega. Mimi si mwepesi, na nilikaza, lakini alinipeleka hadi kwenye rafu ya soksi. Muuzaji akaja mbio. Tulicheka hadi machozi.

Ndani ya gari nikakiri. "Zile za kwanza nilikosea makusudi. Nilitaka uwe winga."

"Nilijua, Mama," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Sasa kwa nini ulizivaa?"

Akatazama dirishani. "Ulikuwa unaogopa sana. Niliona nikizikataa, hutakuja tena kuniangalia."

Buffalo nilisimama karibu na uwanja kuliko mzazi yeyote. Kila skramu nililia waziwazi, huku nikimpigia kelele asukume.