Bibi Aliyeniomba Nimsomee Jina Lake

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Toronto, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Usipoamini sitakulaumu. Hata shangazi yangu alianza kwa kucheka.

Shangazi alitaka kununua nyumba Pickering, tuhame kwenye ghorofa letu la Scarborough. Wakili alishasema nyumba haina kasoro, lakini shangazi ni mtu wa kujionea. Akanituma maktaba nikafungue kumbukumbu za ardhi kwenye mtandao, nione nani waliwahi kuimiliki. Mimi niliishia darasa la saba, na nikisoma lazima ninong'one. Basi nikawa nanong'ona majina ya wenye nyumba, mmoja baada ya mwingine.

Kando yangu alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kihindi. Baridi yote ile, hakuwa na koti. Akaniuliza kwa Kiswahili laini cha Unguja, "Mwanangu, hilo jina umelisomaje?"

Nikarudia: Sakina, pamoja na mumewe.

"Ndiye mimi," akasema.

Akanieleza kwamba kitasa cha nyumba yake kimebadilishwa. Kila magharibi anabisha hodi, taa zinawaka, hakuna anayeitikia. Akaomba nimtazamie kama nyumba bado ni yake. Wewe ungemkatalia? Nikateremka mstari uliofuata, nikausoma kama ulivyokuwa: nyumba imebaki kwa mume peke yake, kwa kuwa mke amefariki.

Niamini, maneno yalinitoka kabla sijayaelewa.

Bibi akasema polepole, "Kumbe. Nami nikadhani wanangu wamenichukia."

Nilipopata ujasiri wa kumtazama, kiti kilikuwa kitupu.

Shangazi aliacha kucheka siku ya kukabidhiwa funguo. Muuzaji alimwambia kwamba miaka yote mlango ule ulikuwa ukigongwa kila magharibi bila mtu, ila majira haya ya baridi umenyamaza.

Sasa tunaishi humo. Jua likizama mimi hukaa karibu na mlango, na binamu zangu hunitania kwa Kiingereza kwamba nangoja mchumba. Haugongwi. Natamani abishe mara moja tu, nimwitikie.

Nawe ukitafuta habari za nyumba za watu kwenye kompyuta, soma kimoyomoyo. Na mgeni akikuuliza jina lake, usikimbilie kumjibu. Mkaribishe kwako kwanza, anywe chai. Yaliyoandikwa yatangoja.