Bibi Eliakunda Alipomfuata Mjukuu Shuleni

Jumatano ile Anaeli alikuwa uani, pale Same mjini, akianua sare za shule alizokuwa ameshona, huku upepo ukimnyang'anya. Aliporudi ndani alikuta kitanda cha bibi yake kitupu na mlango wa mbele uko wazi. Alitoka mbio hadi barabarani. Kulia hapakuwa na mtu, wala kushoto.

Bibi Eliakunda alikuwa na miaka sabini na minane. Alizaliwa milimani, juu ya Gonja, akaolewa na Asheri, mkata mkonge, ambaye alifariki wakati mtoto wao wa pili akiwa bado ananyonya. Eliakunda akabaki kulima tangawizi kwenye miteremko mikali, akawalea peke yake binti zake wawili, Yudith na Fortunata. Fortunata naye alifariki siku tisa baada ya kujifungua. Ndugu walikaa kikao, wakaona kichanga kipelekwe kituo cha yatima. Eliakunda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakichukua, akakifunga mgongoni.

"Huyu ana kwao," alisema, akaondoka.

Kichanga hicho ndicho Anaeli. Bibi alimlea kwa maziwa ya mbuzi, akimnywesha kwa kijiko. Anaeli alipoanza shule, kulikuwa na mto wa kuvuka njiani, na masika moja mto huo ulimchukua mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo, kila saa sita, Eliakunda aliacha jembe shambani akamfuata mjukuu wake shuleni. Akifika mtoni alivua viatu, akambeba mgongoni, wakavuka.

Miaka mitatu iliyopita kumbukumbu zilianza kumtoka, na Anaeli akamchukua akaishi naye Same. Kwanza alisahau majina ya majirani, halafu akasahau choo kiko upande gani. Mwisho akamsahau Anaeli.

"Dada, wewe ni mpangaji hapa?" alimuuliza asubuhi moja.

"Bibi, ni mimi. Anaeli."

"Anaeli yuko shule," bibi alijibu, tena kwa ukali. "Yuko darasa la pili."

Anaeli alibishana naye wiki nzima, kisha akachoka. Akakubali kuitwa dada fundi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jioni ya Jumatano hiyo kijana wa bodaboda aitwaye Mbaraka alikuja mlangoni. Alikuwa amemwona bibi barabara ya Kisiwani, ile iendayo Gonja.

"Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu," alisema. "Nikamwambia, bibi, panda nikurudishe mjini. Akasema anawahi, mjukuu wake anatoka shule. Mimi nilijua ni mtu wa hapo karibu, dada. Nisamehe."

Alhamisi watu zaidi ya thelathini waliingia porini. Mama mkubwa Yudith alifika kutoka Gonja akiwa na wanawe. Jua lilikuwa kali, mabonde yamekauka, na mahali fulani walikuta nyayo za tembo za siku hiyo hiyo. Wanaume wakasimama, hawakutaka kuendelea. Anaeli aliwapita, akaendelea kuita, "Bibi! Ni mimi, Anaeli!" Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Ndipo alipofahamu kwamba hata kama bibi anasikia, hawezi kuitikia, kwa kuwa hiyo ni sauti ya mwanamke mzima asiyemjua.

Akabana koo, akaita kwa sauti nyembamba ya mtoto.

"Bibi! Nimeshatoka shule! Njoo unichukue!"

Wanaume waliinamisha vichwa. Hakuna aliyemkataza. Aliita hivyo hadi giza lilipoanza kuingia, na kulipokucha akaanza tena.

Ijumaa alasiri wachungaji wa Kimasai walituma habari. Bibi alikuwa kwenye korongo kavu, amelala kiubavu mchangani, miguu mitupu, viatu vyake amevishika mkononi. Alikuwa ameshafariki. Anaeli alipoviona vile viatu alielewa kwamba bibi alidhani amefika mtoni, akaanguka chini, watu wakambeba.

Walimzika Jumatatu, milimani kwao. Eliakimu, mtoto wa Yudith, alisoma wasifu wa marehemu mbele ya waombolezaji. Alisoma tarehe, watoto, wajukuu, uanachama wa kwaya ya kina mama. Halafu akasoma, "Bibi yetu alisumbuliwa na maradhi ya uzee, akalala kwa amani."

Anaeli alisimama.

"Hakulala kwa amani," alisema, na sauti yake ilikuwa bado haijarudi, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. "Alikufa kwa kiu. Alikuwa ananitafuta mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo."

"Keti, mwanangu," Yudith alimnong'oneza.

"Nitaketije, mama mkubwa? Nilikuwa nyuma ya nyumba!"

Mchungaji wa kanisa alifunua kitabu chake, akakifunga tena. Mwanamke mmoja wa kwaya alianzisha wimbo, wengine wakamfuata polepole, na vijana wakashika makoleo. Anaeli hakuketi. Alibaki amesimama vivyo hivyo mpaka udongo ukajaa na watu wakaanza kuteremka makwao, huku Yudith amemshika kiuno kwa mikono yote miwili asije akaanguka.